Kibwebwe cha Ndani

(Mazungumzo na kikundi cha akina mama, Tanga. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikapunguza vicheko na yale ya pembeni.)

Shikamooni mama zangu. Na nyie wa rika langu, habari za mchana.

Mwenyekiti ameniomba niwe mfupi kwa sababu vitumbua vinapoa, nami najua mtu aliyekaa mkabala na sinia la vitumbua hasikii hotuba. Basi tukubaliane. Nitasema kidogo, kisha tutatandika tulale chali dakika kumi, kisha chai. Waliokuja na dera tupu bila suruali wafunge kanga kwa ndani. Mlango umefungwa na humu hakuna mwanaume, isipokuwa huyu mjukuu wa miaka mitatu, naye amelala.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Huu mwaka wa 23 nashika magoti na viuno vya watu: waliovunjika nyonga, waliopigwa na kiharusi, waliobebwa, na waliokuja wenyewe wakidhani nauza dawa ya kuchua. Lakini neno lililonileta leo sikulipata kazini. Nililipata barazani kwetu.

Mama yangu alikuwa na miaka 67 alipoambiwa ana presha na sukari, siku moja, karatasi moja. Akapewa dawa, na juu ya dawa akapewa maneno mawili, fanya mazoezi, kama mtu anavyorudishiwa chenji. Mazoezi yapi, mara ngapi, na magoti yale yaliyochakaa atayafanya vipi, hakuna aliyemweleza. Wala msidhani nawasema wengine. Jioni ile nilipompigia simu, mimi mwenye cheti ukutani nilimwambia hayohayo: "Tembea mama, nusu saa tu kwa siku." Mama akatii. Siku ya kwanza akaenda mpaka msikitini na kurudi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu goti la kulia likaumuka kama andazi, na kuanzia hapo akakaa. Miezi saba alikaa kwenye kiti cha plastiki, dawa zake ndani ya kopo, anasalimia wapitao. Hata swala alikuwa anaswali kwenye kiti. Na kila akienda kliniki, kipimo kiko juu kidogo kuliko mara iliyopita.

Nilipokwenda likizo nikamkuta vile, niliona aibu. Nikakumbuka kozi fupi niliyowahi kusoma, ya kitu kinachoitwa Pilates, ambacho nilikuwa nakitumia kwa wenye maumivu ya mgongo tu. Nikamwambia mama alale chali kitandani, maana kushuka chini alikuwa hawezi. Akaniuliza, "Nalala? Mazoezi ya kulala?"

Ndiyo. Ya kulala.

Jina hilo ni la ukoo wa mtu. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, mtoto mgonjwamgonjwa wa pumu, akakua akiupigania mwili wake kwa kila mchezo aliouona, ndondi na sarakasi zikiwemo. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, na kwa kuwa ni Mjerumani akafungiwa kambini. Mwishowe alikuwa Knockaloe, katika Kisiwa cha Man, pamoja na maelfu ya Wajerumani wenzake. Huko akawa anawafundisha wenziwe kujinyoosha na kujikaza sakafuni, kwani mfungwa ana nini kingine zaidi ya sakafu? Inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wavute kwa mikono na miguu wakiwa wamelala. Hadithi hiyo huenda imetiwa chumvi, lakini mashine za Pilates za leo zina springi kweli, na moja yao mpaka sasa ina umbo la kitanda chenye nguzo nne. Baada ya vita alihamia New York, katikati ya miaka ya 1920, yeye na Clara wake, wakafungua chumba cha mazoezi Eighth Avenue. Wacheza ngoma wa majukwaani wakawa wanapelekwa kwake kutengenezwa viungo. Yeye mwenyewe hakuyaita Pilates. Aliyaita Kontrolojia, elimu ya kuutawala mwili. Alifariki mwaka 1967 akiwa na miaka 83.

Naipenda habari ya kitanda kwa sababu moja. Mkifungua simu mnaona Pilates ni mabinti wembamba, suruali za kubana, chumba cha vioo, na mnasema hayo si yetu. Jamani, yalikomaa kwa watu waliofungiwa na wagonjwa. Mama yangu na kiti chake cha plastiki alikuwa karibu na yule mzee kuliko mabinti hao.

Sasa tuingie mwilini. Hedhi ikikoma, wengi tunashukuru: vitambaa vimekwisha, hofu ya mimba imekwisha. Ila ile homoni ya estrojeni iliyoondoka ilikuwa na kazi nyingine za pembeni ambazo hakuna somo aliyetuambia. Ilikuwa inaisaidia mishipa ya damu ibaki laini, itanuke moyo unaposukuma. Ilikuwa inaishikilia lehemu mbaya isipande. Na ilikuwa na kauli juu ya mafuta yakae wapi. Ikipungua, mishipa hukakamaa, lehemu hupanda, na mafuta huhama: yale yaliyokuwa yanakwenda mapajani na makalioni sasa yanakwenda tumboni, tena kwa ndani, yakizunguka ini na utumbo.

Hapa Pwani mwili ni heshima, nami sikuja kumnyang'anya mtu heshima yake. Makalio yenu hayana kesi. Mafuta ya pale yametulia, hata utafiti unayatetea. Kesi ni ya kitambi, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo hayatulii: yanamwaga vitu kwenye damu, ini linaelemewa, insulini, ile homoni inayoiondoa sukari kwenye damu, inaanza kugonga mlango bila kuitikiwa, sukari inapanda, na presha inafuata. Chukueni futi ya fundi cherehani. Pimeni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kujibana. Kwa mwanamke sentimita 80 ndipo taa ya njano inapowaka, na 88 ni nyekundu. Msipime leo, kuna vitumbua. Pimeni kesho asubuhi.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Na uliwahesabu wa miaka 25 mpaka 64. Mwenye 70 hakuulizwa. Basi fikirieni humu ndani tuko wangapi.

Kuna jambo nalirudia kila ninapopata nafasi, na leo nalisema kwa sababu watoto wenu hawapo. Mwaka 1953 daktari mmoja wa London, Jerry Morris, alichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa siku nzima. Konda wake anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Basi moja, mtaa mmoja, mshahara haupishani sana. Makonda wakaonekana wanapata maradhi ya moyo machache mno kuliko madereva, na wakiyapata hayawaui haraka vile. Ndipo wakubwa wa tiba wakaanza kuamini kwamba kukaa kunaudhuru moyo. Walikuwa wanaume watupu kwenye hesabu hiyo, wanawake tulisubiri miaka mingi kuhesabiwa.

Nyie mlikuwa makonda. Mmetwanga, mmechota maji, mmefua kwa mkono, mmeinama mkifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, mmepanda na kushuka na mtoto mgongoni. Kisha watoto wakapata kazi. Wakasema, mama umeteseka sana, sasa pumzika. Wakaleta msichana wa kazi, wakaleta mashine ya kufulia, wakaleta televisheni na kiti kinachozama. Kwa mapenzi matupu wamewafanya madereva. Mama yangu nilimkalisha mimi, sikufanyiwa na mtu. Niliposikia presha nikamwambia dada wa nyumbani asimwachie hata kuosha vikombe.

Msuli unapokaa unapungua. Mtu hupoteza nyama ya msuli kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini, na baada ya sitini inakwenda kwa kasi. Na msuli ndio ghala kubwa la sukari mwilini. Ukila ugali au wali, sukari inayoingia kwenye damu inatafuta pa kwenda, na sehemu kubwa inatakiwa ipokewe na mapaja, makalio, mgongo. Ghala likiwa dogo, sukari inabaki barabarani. Insulini ndiyo ufunguo wa mlango wa ghala, na kwa wengi wetu ufunguo umeanza kugoma. Lakini msuli una mlango wa uani. Unapofanya kazi, unapojikaza na kulegea, mlango ule hufunguka wenyewe na sukari huingia bila kuusubiri ufunguo. Baada ya zoezi hata ule mlango wa mbele unalainika, kwa siku moja hivi au mbili. Ndiyo maana mtu anayefanya Jumapili tu, akajichosha mpaka akatambaa, anafaidi kidogo kuliko anayefanya robo saa kila baada ya siku moja.

Je, Pilates inatosha? Hapa wauzaji wa mazoezi hawatanipenda. Haitoshi. Wataalamu wana kipimo cha nguvu mwili unazotumia: kukaa umetulia ni 1, na Pilates ya kawaida imewekwa karibu 3, sawa na kutembea polepole kwenda sokoni na kapu tupu. Moyo unaamka, haukimbii. Nchini Brazili, ambako Pilates imeshika kama mpira, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 wa wanawake wenye presha ambao tayari walikuwa wanameza dawa. Kundi moja lilifanya Pilates ya mkekani mara mbili kwa wiki kwa wiki 16, jingine likaendelea kama kawaida. Waliofanya presha yao ilishuka, na waliovishwa mashine ya kupima mchana na usiku walionekana hivyo hivyo. Nzuri. Ila idadi yao haikufika watu hamsini, na umri wao ulikuwa chini ya miaka 60. Tafiti za wenye umri wenu zipo, na nyingi ni ndogo ndogo vilevile: kusimama bila kuyumba kunaimarika, miguu inapata nguvu, presha inashuka kiasi kwa wenye presha, sukari inatengemaa kwa baadhi. Uzito wenyewe husogea kidogo sana. Atakayewaahidi kilo kumi anataka hela yenu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au kazi inayofanana na hiyo, misuli ikazwe siku mbili au zaidi, na mwenye miaka 65 na kuendelea aongeze mazoezi ya kusimama imara, siku tatu. Likasema pia dakika zote zinahesabika, hata tano tano. Pilates inalipa deni la misuli na deni la kusimama. Deni la dakika 150 linabaki, na hilo ni la miguu. Kwa mama, kitanda kilikuja kwanza. Wiki ya tano alishuka mkekani na kunyanyuka mwenyewe, kwa kujishika kwenye stuli. Wiki ya tisa akaondoa kiti kwenye msala akasujudu chini, kisha akakaa pale muda mrefu, nami nikajifanya natafuta kitu jikoni. Kutembea kulirudi baada ya hapo, goti likiwa na mapaja ya kulibeba. Dawa anaendelea nazo zote. Moja tu waliyotaka kuiongeza hawakuiongeza.

Nimetaja misuli. Upo mmoja nataka muufahamu kuliko yote. Chini ya nyama ya tumbo, ndani kabisa, kuna msuli mpana unaozunguka kiuno kutoka mgongoni kuja mbele, umelala kwa mapana. Wazungu wana jina lake refu la Kilatini. Mimi nauita kibwebwe, kwa sababu umefungwa pale pale unapofunga kanga ukitaka kutwanga au kucheza. Unashika mgongo, unashika tumbo, na unashirikiana na misuli ya chini kabisa inayozuia mkojo. Wale ambao wakipiga chafya kanga inalowa, msinitazame hivyo, tuko wengi, kibwebwe cha ndani kimelegea. Kontrolojia yote ya yule mzee inaanzia hapo.

Na niwaambie siri. Mabinti wa ofisini nawafundisha kukifunga kibwebwe hiki wiki tatu, wanabana mabega, wanakunja nyuso, hakifungi. Bibi mmoja wa miaka 74, nilipomwelekeza alale chali alegeze mgongo kisha azungushe nyonga kidogo kuelekea kitovuni, alifanya mara ya kwanza sawasawa, polepole, mabega hayakutikisika. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mie nimechezwa." Kungwi wake alikuwa ameshamfundisha kuutawala mwili kabla mimi sijazaliwa, tena mkekani. Waliochezwa humu, leo mtanisaidia kufundisha.

Sasa pumzi, na hapa nisikilizeni maana nilikosea mimi. Miaka yangu ya mwanzo na mazoezi haya nilimpa mama mmoja mwenye presha zoezi la kunyanyua kichwa na miguu kwa pamoja. Alitaka kunifurahisha. Akafunga mdomo, akabana pumzi, uso ukaiva, mishipa ya shingo ikatoka. Aliposhusha miguu akasema anaona nyota. Nikampima: presha ilikuwa imepaa, nikakaa naye karibu saa nzima nikiwa na hofu kuliko yeye. Ukibana pumzi huku unajikaza, kifua kinaminywa, presha inaruka ghafla, kisha inadondoka ghafla. Ni kama mtu anayesukuma choo kigumu, na mnajua wazee wangapi wameangukia chooni. Kwa hiyo sheria kwangu ni moja: unapojikaza unatoa pumzi. Ukigundua umebana, zoezi hilo ni kubwa kwako leo, shuka ngazi.

Mengine nayapitia haraka. Ukiamka kipimo kinasoma 180 kwa 110 au zaidi, hakuna zoezi siku hiyo, ni kituo cha afya. Mnaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu msifanye na njaa, na pipi iwe karibu na mkeka. Wenye dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, kama atenololi, msihesabu mapigo, yatawadanganya. Pimeni kwa maneno: ukitembea na mwenzio uweze kuzungumza, ila usiweze kuimba taarabu.

Mifupa nayo. Hospitali ya Mayo kule Marekani ilitoa utafiti mwaka 1984 wa wanawake 59 ambao mifupa ya uti wa mgongo ilikuwa imekonda baada ya hedhi kukoma. Waliopewa mazoezi ya kujikunja mbele, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Waliopewa ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16. Utafiti mdogo, wa zamani, lakini mimi hesabu hiyo inanitosha. Mazoezi mengi mashuhuri ya Pilates ni ya kujikunja: kujiviringisha kama mpira, kunyanyuka kutoka chali mpaka ushike vidole. Mama aliyepungua urefu, aliyeanza kuinama, aliyewahi kuvunjika mkono kwa kuteleza tu, hayo si yake. Mwalimu atakayekulazimisha umwage.

Maana mwalimu anaweza kuwa yeyote. Mwaka 2000 mahakama ya New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kuliandika mlangoni. Kwetu ni heri, kwa sababu hakuna anayetudai kwa kulala juu ya mkeka wetu. Lakini anayekutoza hela muulize amesomea wapi, na mwambie dawa zako zote kabla hujavua viatu.

La mwisho kabla ya kutandika. Ni kuhusu gesi. Nimewasikia akina mama wangapi wakisema, "Ni gesi tu." Kifua kinabana, wanakunywa soda. Mgongo wa juu unauma, wanachuliwa. Taya linauma, jasho la baridi linatoka, kichefuchefu, uchovu wa kushindwa kufunga kanga, wanasema nimekula maharage. Mwanamke moyo ukimshika mara nyingi haushiki kwa ile namna ya kwenye sinema, mtu kukamata kifua na kuanguka. Unaweza kuja kwa sura hiyo ya gesi na uchovu. Ukiona hali hiyo ni mpya, au inakuja ukitembea na inaondoka ukikaa, usikae nayo nyumbani. Nenda upimwe moyo, na mjukuu akusindikize. Waache wakucheke ikiwa ni maharage kweli.

Haya, tandikeni. Kanga moja ikunjwe mara nne, chini ya kichwa. Mwenye goti baya abaki kwenye kiti, atafanya pumzi na kibwebwe tu, inatosha kwa leo. Laleni chali, magoti yakunjwe, nyayo zikanyage chini, zipishane kwa upana wa nyonga zenu. Mkono mmoja juu ya mbavu, mwingine chini ya kitovu.

Vuta pumzi kwa pua. Mbavu zitanuke pembeni kama mwavuli, mabega yasipande. Toa kwa mdomo, polepole, kama unapoza chai kwenye kisahani. Usipulize ikamwagika. Pumzi inapotoka, kitovu kinazama ndani kidogo na chini kunajikusanya kama mtu anayezuia mkojo. Hapo ndipo kibwebwe kinajifunga. Kiasi tu, kama kanga ya kwendea sokoni, si ya kuchezea ngoma. Vuta, legeza. Puliza, funga. Mara nane. Mama wa kanga nyekundu, kidevu kishuke. Vizuri.

Mikono chini sasa. Vuta pumzi umetulia. Puliza, funga kibwebwe, na huku unapuliza kanyaga kwa visigino unyanyue makalio, kiasi cha kupita kikombe cha chai chini yake. Usishindane na jirani. Juu hapo vuta pumzi. Puliza tena, shuka. Mabinti huwa nawaambia washuke pingili moja moja, nyie shukeni na mgongo wote kwa pamoja. Mnasikia moto nyuma ya mapaja? Ndiyo ghala linafunguliwa. Mara sita. Anayehisi mkakamao wa unyayo asogeze miguu mbele kidogo.

Basi. Kunyanyuka sasa, na hili ni zoezi kamili, msiruke. Geuka ubavu. Kaa hapo pumzi tatu. Sukuma kwa mkono, ukae. Subiri tena, hasa mnaomeza dawa za presha, damu ipande kichwani kwa raha zake. Kisha shika kiti, goti moja, mguu mmoja, simama. Kesho kutwa rudieni nyumbani, pumzi nane, nyonga sita, na baada ya chakula cha mchana mtembee mpaka nyumba ya pili na kurudi.

Yule mama kule kwenye nguzo amepitiwa na usingizi na mkono bado uko juu ya mbavu. Msimwamshe. Leteni mashine, tumpime hivyo hivyo, kisha mumwekee vitumbua viwili.